Wanawake wa Bi Mwanamkasi

Bi Sichana alikuja kwangu Kajificheni Jumatano moja saa nne ya asubuhi, na hakuvua viatu. Kwa hilo peke yake nilijua hakuja kunijulia hali. Alisimama mlangoni, akanitazama pale mkekani nilipokuwa nikishona kofia.

"Karibu, Bi Sichana. Kaa kitako."

"Sikai, Bi Wanu. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, usije ukasema umesikia kwa watu. Mwari wako anarudi kwao. Mwanangu atamwacha."

Mwari wangu ni Tabia, mke wa mwanawe Masoud. Alipovunja ungo mimi ndiye niliyekabidhiwa niwe somo wake wa kumfunda, na mimi ndiye niliyemtia ndani siku ya harusi. Mwaka ule wa hamsini na sita alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndoa yake ilikuwa na miaka minne.

"Kafanya nini?"

"Katupa mimba. Mara ya pili hii. Mwaka jana miezi minne hakuona siku zake. Sikumwacha achote hata maji. Nikawaambia jirani zangu, wakafurahi na mimi. Mara damu. Nikasema riziki haikuwapo. Mwaka huu miezi mitano, Bi Wanu! Nshaitoa susu alimolazwa Masoud utotoni, nshaitia kamba mpya. Juzi damu tena, ya kumwagika."

"Mkunga alimpima?"

"Mkunga wa nini? Miye sina macho?"

"Tumbo lilikuwa limekua?"

"Tabia lini alikuwa hana tumbo?" Akavuta buibui lake. "Mimba mbili hazitoki hivihivi. Kuna dawa anakunywa. Na mwanamke mambo ya siri hufundishwa na nani? Hufundishwa na somo wake. Nshasema. Ijumaa ya tatu kuanzia hii, baada ya sala, wazee wanakaa nyumbani kwangu. Ukitaka kuja kujitetea, mlango uko wazi."

Akaenda zake. Nikairudia kofia yangu. Kofia za mkono zina vitundu vidogo vilivyopangwa kwa hesabu, na mshonaji akiona kitundu kimekaa upande hakimbilii kufumua. Hurudi nyuma akahesabu mpaka apate pale kosa lilipoanza.

Siku ya pili nilimwendea Tabia pale kwa mkwewe Mkunazini, wakati mwenyewe ametoka. Nilimkuta amejifunika kanga mpaka usoni.

"Somo, wallahi sikunywa kitu."

"Sijakuuliza kama umekunywa. Nakuuliza siku zako zilivyo."

"Unazijua. Nilikwambia."

Kweli aliniambia. Alikuwa na miaka kumi na minne, akaja akaniambia kwamba zimekuja mara moja, kisha miezi mitano kimya. Nikamjibu zitajipanga zenyewe, wasichana wengi ndivyo wanavyoanza. Neno hilo ni kweli kwa wengi. Kwake hazikujipanga, na mimi sikumuuliza tena, naye aliona haya kunijia mara ya pili kwa jambo lilelile. Miaka minane ilipita hivyo. Hilo kosa ni langu, na nalitaja hapa kwa sababu bila ya hilo yasingefika yalipofika.

"Kwa nini hukumwambia mkweo kwamba zako huchelewa tangu mwanzo?"

"Alifurahi sana, somo. Akaniimbia. Na mimi nikataka iwe kweli."

Kisha akashusha kanga. Ngozi ya kidevu chake ilikuwa nyekundu, ina alama ndogondogo. "Na kuna hizi. Nazing'oa kwa kibano kila alfajiri kabla Masoud hajaamka. Nshachoka. Mwanamke gani mwenye ndevu?"

"Mama yako anajua?"

"Atajuaje? Mama hana kitu kama hiki."

Nilimuuliza kama ataniruhusu kumwambia mama yake. Alifikiri mpaka nikadhani atakataa, halafu akasema, "Mwambie. Kitakachoongezeka sasa ni nini?"

Bi Mwanamwema, mama yake Tabia, alikuwa akikaa Malindi. Ni mwanamke mrefu, mnene, mwenye kutembea kama mtu anayesubiriwa, na tangu nilipomjua sikupata kumwona bila kitambaa cha kichwa alichokifunga fundo chini ya kidevu, hata akiwa jikoni kwake. Mumewe alikwisha kufa, na Tabia alikuwa mtoto wake wa pekee.

Alinikaribisha vizuri. Alichota kata ya maji mtungini akanywa, akachota ya pili akanywa.

"Nimekuja kuomba ruhusa," nikasema. "Nataka kuzungumza na somo wako."

"Somo wangu mimi? Una nini naye?"

"Nataka kumuuliza siku zako zilikuwaje."

Aliiweka kata chini. "Bi Wanu, ulitoka kwako ukiwa na akili zako? Mwanangu anatukanwa mtaani, badala ya kwenda kumtetea unakuja kunivua nguo mimi?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Desturi yetu ni kwamba msichana akivunja ungo mama hamwambii neno. Hukabidhiwa mwanamke wa nje ya ukoo, na siri zake zote hukaa kwa mwanamke huyo, hata mama haziulizi. Mama naye siri zake ziko kwa somo wake, na dada yake ana somo mwingine, na bibi ana wake. Desturi hiyo imetutunzia heshima miaka mingi. Lakini usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba nguo ikikatwa vipande, kila kipande kikatiwa sanduku lake, hakuna atakayejua ua lililofumwa lilikuwa la namna gani.

"Tabia ana ndevu," nikamwambia. "Kaniruhusu nikwambie. Anazing'oa kila alfajiri, na anadhani duniani yuko peke yake."

Mkono wa Bi Mwanamwema ulipanda mpaka kwenye fundo chini ya kidevu, ukabaki hapo. Alinywa kata nyingine. Nilikuwa nimezihesabu, ilikuwa ya saba tangu niketi.

"Somo wangu ni Bi Mkubwa, wa Kikwajuni," akasema mwishowe, akavua pete akanipa. "Mpe hii, atajua nimeruhusu. Lakini miye kwa kinywa changu sisemi. Sisi si watu wa maradhi."

Bi Mkubwa alikuwa mzee sana. Aliigeuza ile pete mara mbili tatu kabla ya kunijibu shikamoo yangu.

"Marahaba. Nimengoja miaka thelathini na kitu mtu aniulize," akasema. "Mwanamwema akiona siku zake mara tatu kwa mwaka, na mwaka mwingine mara mbili. Kidevuni ndiyo usiseme; ile kufunga kitambaa nilimfundisha mimi. Tabia alipatikana mwaka wa saba wa ndoa, na mpaka alipoanza kucheza tumboni mimi nilidhani ni uvimbe."

Niliporudi nyumbani nilitaka kuyaandika. Kusoma na kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, nikiwa mtu mzima. Lakini nyumba yangu hupitwa na watu, na karatasi ikiokotwa husomwa. Basi nikachukua kipande cha kitambaa cheupe cha kofia, nikampa kila mtu msitari wake. Uzi mweusi ulikuwa kwa siku zinazopotea, mwekundu kwa ndevu, na wa buluu kwa miaka ya kungoja mtoto, tundu moja kwa kila mwaka. Tabia na mama yake walipokaa msitari juu ya msitari, nilikitazama kitambaa kile kwa muda mrefu. Ilikuwa kama kazi ya fundi mmoja.

Bi Mwanamwema ana dada yake mkubwa, Kidawa, anayekaa Bububu karibu na ilipokuwa reli. Somo wake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo nilimwendea yeye mwenyewe. Niliogopa bure.

"Ndevu?" akasema Bi Kidawa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ninazo za kumgawia imamu. Tazama!" Na kweli akainua kidevu kwenye mwanga. "Siku zangu, mwanangu, zikija kama mgeni wa kutoka Pemba, husemi lini, unasikia tu hodi. Mume wa kwanza aliniacha mwaka wa sita. Wa pili kakaa mpaka leo. Sikuzaa. Nimelea wawili wa watu, na wananiita mama."

"Uliwahi kumwambia Bi Mwanamwema?"

Kicheko kikamtoka usoni. "Ana nini Mwanamwema?"

Nilimwambia kwamba hilo sina ruhusa ya kulisema, amuulize mwenyewe. Lakini Bi Kidawa hakuwa mjinga. Akasema polepole, "Tumelala kitanda kimoja mpaka siku nilipoolewa. Kitanda kimoja, Bi Wanu. Kila mmoja kaupa mwenzake mgongo."

Ndugu yao Makungu alikuwa akikaa nyumba ya pili, akaitwa. Alikuja akitembea kwa fimbo, mguu mmoja hauna vidole viwili. Alikuwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa tisa, anajidunga sindano kila siku. Nilimuuliza ulianzaje.

"Kiu," akasema. "Nilikuwa nakunywa maji kama gari la moshi. Kisha sisimizi wakaanza kuufuata mkojo wangu chooni. Daktari aliniambia ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Nikadhani hutembea kwa wanaume."

"Hata kwangu sisimizi wapo," akasema Bi Kidawa. "Mimi nilidhani ni choo kibovu."

Nikakumbuka zile kata saba. Jioni ile nilitia uzi wa nne, wa manjano. Niliutia kwa Makungu na kwa Kidawa, na kwa Bi Mwanamwema nikaacha nafasi, kwa sababu kiu peke yake si ushahidi.

Alibaki mama yao. Bi Mwanamkasi alikuwa Makunduchi, amepita miaka sabini, na nilimkuta nje ya nyumba yake anasuka kamba za usumba wa makumbi ya nazi. Alikuwa mkavu kama kamba zake. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, kama kumi hivi, ndefu, na hakuwa amezifunika wala kuzing'oa. Nilimwamkia, nikajieleza kwamba ni somo wa mjukuu wake, nikamweleza na shida iliyonileta. Alinisikiliza bila ya kusimamisha mikono.

"Wanasema anatupa?" akauliza kwa Kikae chao, ambacho nakiandika hapa kwa lugha ya mjini.

"Ndivyo wanavyosema."

"Na mimi waliyasema hayo. Miezi sita hakuna kitu, watu wakahesabu, wakachagua na jina. Kisha damu. Mama mkwe akanifungia mzigo wangu akauweka njiani. Nikauchukua nikaurudisha ndani. Akautoa. Nikaurudisha. Mara ya tatu alichoka yeye." Akavuta ncha ya kamba kwa meno. "Mwaka wa kumi na moja nikamzaa Kidawa. Halafu Makungu, halafu Mwanamwema, na kati ya mmoja na mwenzake miaka ya kutosha kusahau."

"Na mama yako, bibi?"

"Mama yangu wakimwita Sharubu. Na akiitika! Akiitwa hata kutoka shambani, 'We Sharubu!' utasikia, 'Naam!' Hakuna aliyemcheka mara mbili."

Nilijikuta nacheka pamoja naye. Kisha nikamuuliza, kwa taratibu, kwa nini hakuwaambia binti zake.

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. "Niliwapa masomo wazuri, kama nilivyopewa mimi. Nikadhani masomo watawaambia. Wangejuaje? Kila mmoja kapewa mwari wake mmoja." Akanitazama. "Hicho kikao ni lini?"

"Ijumaa ijayo."

"Basi nakuja."

Kabla ya Ijumaa hiyo nilitaka jambo moja zaidi. Ukoo kufanana ni jambo moja, kujua ni kitu gani kinachofanana ni jambo jingine, na hilo la pili sikuwa na elimu nalo. Palikuwa na daktari mwanamke wa Kiparsi, Daktari Shirin, aliyekuwa akitibu wanawake kwenye chumba chake Shangani. Tabia alikubali kwenda. Mama yake alikataa, mpaka Bi Kidawa alipokuja kutoka Bububu. Dada wawili wale walijifungia chumbani tangu adhuhuri hadi alasiri. Sikuyasikia waliyosema. Walipotoka macho yao yalikuwa mekundu, Bi Kidawa akarudi kwake, na Bi Mwanamwema akaniambia, "Twende."

Daktari alimpima Tabia, akamuuliza maswali mengi. Kisha mimi nikatoa kitambaa changu nikamweleza nyuzi. Alikishika kwa vidole viwili, akasogea nacho dirishani, akafuata misitari na kucha yake mmoja baada ya mmoja.

"Nani alikufundisha kufanya hivi?"

"Hakuna. Niliogopa kusahau."

"Wako madaktari wenye vyeti ambao hawajawahi kuniletea kitu kilichopangwa hivi," akasema, kwa Kiswahili chake cha Shangani. Nasema kweli, hata leo nikiyakumbuka maneno hayo hukaa wima.

Alitueleza. Mwanamke ana mayai mengi madogo tumboni, na kwa kawaida kila mwezi huiva moja. Kwa wanawake wengine huanza mengi kwa pamoja na hakuna linalofika, yakabaki ndani kama punje za mtama. Yai lisipoiva, damu hungoja. Hungoja miezi, na ikija huja nyingi. Ndevu na unene hutoka hukohuko. "Si mimba iliyotoka," akasema. "Nimempima. Sioni dalili kwamba amewahi kuchukua mimba, wala kwamba kuna kitu kilichotupwa. Hali hii ina jina katika vitabu vyetu, na mara nyingi mtu akiwa nayo utaikuta kwa mama au kwa dada."

"Atazaa?" akauliza Bi Mwanamwema. Ndilo neno lake la kwanza tangu tuingie.

"Siwezi kukuahidi. Wewe ulizaa. Wengi huzaa kwa kuchelewa, wengine hawapati. Akipunguza mwili, akipunguza sukari na mafuta, akitembea sana, siku zake huenda zikajipanga. Ikishindikana, kuna wanaopasuliwa, lakini hatuanzii huko." Kisha akamwomba yeye naye mkojo.

Aliutia katika kichupa pamoja na dawa ya buluu, akaupasha moto. Tulisimama wote watatu tukitazama. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, na manjano ikageuka rangi ya tofali. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Nyuzi zako za manjano," daktari akaniambia, "ni za ukoo uleule. Wanawake wenye hali hii sukari huwawinda, na hata ndugu zao wa kiume. Huyu binti apimwe kila mwaka, na akishika mimba apimwe kila mwezi. Na yule dada wa Bububu mleteni wiki hii."

Nilimwomba cheti. Akataka kukiandika Kiingereza. Nikamwomba anisomee polepole niandike mimi kwa Kiswahili, naye atie sahihi, ili wazee wa kikao wajisomee wenyewe. Akakubali.

Ijumaa ikafika. Wanaume walikaa ukumbini kwa Bi Sichana, na sisi wanawake chumba cha ndani, pazia likiwa katikati. Upande wa Masoud alisimama ami yake, Mzee Muhiddin. Upande wetu alisimama Makungu na fimbo yake. Bi Mwanamkasi aliwekewa kiti, akakikataa, akakaa chini mbele kabisa, karibu na pazia. Tabia alikaa nyuma yake.

Mzee Muhiddin alikisoma cheti kwa sauti, neno kwa neno. Kisha Bi Sichana akasema kwa nguvu, wanaume nao wasikie:

"Karatasi ya daktari nimeisikia. Daktari hakuwapo damu ilipomwagika, mimi nilikuwapo. Na kama ni jambo la ukoo, mbona mama yake hana? Huyu hapa Bi Mwanamwema, mwanamke kamili, kazaa, kapendeza. Mti huzaa tunda lake. Hili tunda geni limetoka wapi?"

Hakusema kwa ubaya wote. Mwanamke yule alikuwa ameshangiliwa mara mbili na majirani na kuaibika mara mbili, na alikuwa akitafuta mahali pa kuiweka aibu yake. Mimi nilikuwa na kitambaa changu cha nyuzi mfukoni. Ningeweza kukitoa. Lakini siri ile haikuwa yangu, na Bi Mwanamwema alikwisha kuniambia kwamba kwa kinywa chake hatasema.

Niliona mkono wake unapanda kidevuni. Nikadhani anakaza fundo. Alilifungua.

Akakivua kile kitambaa, akakiweka mapajani, akainua uso wake mwanga wa dirisha umpige vizuri.

"Nitazame, Bi Sichana. Hizi ni ndevu. Siku nne hizi sijazing'oa, kwa makusudi. Ni za mama yangu, na mama yangu kazipata kwa mama yake. Siku zangu zikija mara tatu kwa mwaka. Watu walinihesabia mimba mara nne ambazo hazikuwapo, na nikalia peke yangu mara nne. Mwaka wa saba Mungu akanipa Tabia. Tangu hapo nimejifunga uso miaka ishirini na miwili, mpaka mwanangu mwenyewe kadhani ni kituko cha dunia." Sauti yake ilipanda, sasa ilikuwa ya kwenda ng'ambo ya pazia. "Tena nimepimwa, nina sukari, kama ndugu yangu Makungu anayewasikiliza hapo. Mimi ni binti wa Mwanamkasi wa Makunduchi. Ndivyo tulivyo. Mwenye kumtaka mwanangu amtake pamoja na ukoo wake, na asiyemtaka aseme hamtaki, lakini asiseme katupa. Sisi hatujatupa kitu. Sisi tunangoja."

"Na tunangoja vizuri!" akasema Bi Kidawa.

Bi Mwanamkasi alinyoosha mkono nyuma bila ya kugeuka, akamshika Tabia kifundo cha mguu, na hakumwachia.

Ng'ambo ya pazia Makungu alikohoa. "Yote hayo ni kweli," akasema. "Na mimi nayasikia leo kama nyinyi. Lakini ni kweli."

Kisha tukasikia sauti ya Masoud. Ni kijana mpole, karani wa forodha. Kikao kizima hakuwa amefungua mdomo. "Ami, naomba ruhusa."

"Sema."

"Mke wangu haendi popote." Akasita, kama mtu anayeona haya. "Na kile kibano nilikijua. Miaka minne kila alfajiri najifanya nimelala. Nilidhani nikimwambia nitamwudhi."

Hata wazee walicheka. Tabia alijifunika uso, na mabega yake yakawa yanatikisika, sikujua kwa kicheko au kwa kilio. Nadhani kwa vyote. Mzee Muhiddin akasoma Fatiha, kikao kikafungwa.

Lakini Bi Mwanamkasi alikuwa hajaondoka chini. "Mama Masoud," akamwita. "Ulipotangaza kwamba mjukuu wangu katupa, ulitangaza nyumba ngapi?"

Bi Sichana aliinamisha macho. Alianza kuhesabu kwa vidole. "Tano," akasema. "Na ile ya pembeni, sita."

"Basi."

Bi Sichana akainuka, akavaa buibui, akamwendea Tabia akampa mkono. "Inuka, mwanangu. Neno nililitoa mchana, na nitalirudisha mchana. Bi Wanu, na wewe twende. Na wewe nilikutaja."

Tukatoka, sote wanawake, katika kichochoro cha Mkunazini, jua likiwa bado juu. Kwenye kila mlango Bi Sichana alipiga hodi mwenyewe, akasema kwa sauti ileile aliyoitumia kwangu siku ile ya kwanza: "Nilikuambia mkwe wangu katupa mimba. Nilisema uongo bila ya kujua. Hakutupa kitu, na somo wake hakumfundisha ubaya. Nisamehe, na aliyelisikia kwako mwambie." Nyumba ya kwanza sauti ilimkwama. Ya pili ilikwama kidogo. Kufika ya nne alikuwa akisema kama anayenadi bidhaa nzuri. Si kila mtu angeweza kazi ile, na nilimheshimu kwa hiyo.

Nyumba ya sita alitoka mwanamke mwenye mdomo, jirani wa pembeni. Alimsikiliza Bi Sichana mpaka mwisho, akamtazama Tabia juu hata chini, akatazama na kidevu chake, ambacho Tabia hakuwa amekifunika.

"Haya, tumesikia," akasema. "Sasa huyo mtoto lini?"

Bi Sichana alifungua mdomo kujibu. Tabia akamtangulia.

"Bibi yangu huyu hapa alingoja miaka kumi na moja," akasema. "Mama yangu saba. Mama yangu mkubwa hakupata, na ana watoto wawili. Mimi ndiyo kwanza nina minne. Akija, Bi, utasikia vigelegele kutoka hapo ulipo. Asipokuja, utaniona napita hapa kila asubuhi nakwenda zangu kutembea, maana daktari kaniamrisha. Utaniamkia?"

"Nitakuamkia," akasema yule mwanamke.

"Basi kesho, inshallah."

Akageuka, akampa bibi yake mkono, wakatangulia mbele kwa mwendo wa Bi Mwanamkasi, ambao si wa haraka. Bi Mwanamwema akafuata, bila kitambaa chini ya buibui, halafu Bi Kidawa akiwa anamweleza Bi Sichana jambo lililowachekesha wote wawili. Mimi nilikuwa wa mwisho. Watu wawili watatu walikaa barazani wakatutazama tukipita, na sikuinamisha macho.